Mkono wa mrushaji na mfuko wa tajiri: Kiini cha mvutano wa mashabiki wa besiboli

Na MWANDISHI WETU

USIKU wa Oktoba 30, 2024, katika uwanja wa timu ya New York Yankees, kijana mmoja aliyewahi kupasuliwa kiwiko mara mbili alipanda kwenye kichuguu cha warushaji na kushika mpira. Timu yake, Los Angeles Dodgers, ilikuwa imetoka nyuma kwa alama 5-0 na sasa ilikuwa kifua mbele kwa alama 7-6. Ilibaki awamu moja tu ili itawazwe bingwa wa besiboli nchini Marekani.

Kijana huyo, Walker Buehler, hakupaswa kuwa pale. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu arushe awamu tano katika mchuano wa tatu wa fainali hizo za World Series, na mrushaji wa aina yake hupumzishwa siku nne au tano. Isitoshe, msimu wake wa kawaida ulikuwa wa kusikitisha, kwani alishinda mchuano mmoja na kupoteza sita. Lakini warushaji wa akiba walikuwa karibu kumalizika na wenzake wengi walikuwa wakiuguza mabega na viwiko. Buehler aliwakabili wapigaji watatu, akawaondoa wote watatu, na Dodgers wakanyanyua taji.

Shangwe zilipopoa, mabishano yalirejea palepale yalipokuwa yameachwa. Je, ni ushindi wa ujasiri au wa mabilioni ya fedha? Kwa nini timu yenye mishahara minono kiasi hicho ilifika fainali ikiwa na warushaji watatu tu wa kutegemewa kuanzisha mchuano? Na je, ni haki timu moja kutumia fedha bila kizuizi huku nyingine zikihesabu senti?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea ubishi wa Gor Mahia na AFC Leopards, au wa Arsenal na Manchester United, mjadala huu waweza kuonekana wa mbali. Hata hivyo, ukiuchambua utaona unahusu jambo ambalo mpenzi yeyote wa michezo analifahamu, yaani thamani ya mwili wa mchezaji, na ni nani hulipa mwili huo unapovunjika.

Mchezo wa mtu mmoja kati ya tisa

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja hupokezana kupiga na kulinda uwanja kwa awamu tisa. Timu inayolinda huwa na mrushaji, ambaye husimama kwenye kichuguu kilichoinuka kidogo katikati ya uwanja. Kutoka hapo hadi kwenye kibao anaposimama mpigaji ni mita 18.44. Mrushaji hurusha mpira wenye uzito wa gramu 142 hadi 149, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo la mbao na kukimbia kuzunguka vituo vinne ili alete alama.

Mpigaji akikosa mara tatu huondolewa. Wapigaji watatu wakiondolewa, timu hubadilishana zamu. Wanaoufahamu mchezo wa kriketi wataona undugu uliopo, ingawa katika besiboli mpira haudundi chini kabla ya kumfikia mpigaji na mrushaji hapigi mbio kabla ya kuurusha. Nguvu zote hutoka kwenye mguu, kiuno, bega na hatimaye kiwiko.

Katika wachezaji hao tisa, hakuna anayeamua matokeo kama mrushaji. Ndiye anayeshika mpira kabla ya kila tukio. Akiwa katika ubora wake, wapigaji hodari hugeuka wanagenzi. Akiwa hafifu, hakuna ulinzi utakaomwokoa.

Msimu wa Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB) una michuano 162 kwa kila moja ya timu 30, na huchezwa karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Hakuna mkono wa binadamu uwezao kurusha kwa nguvu siku zote hizo. Ndiyo maana kila timu huwa na warushaji watano au sita wa kuanzisha mchuano wanaopokezana zamu, na kundi jingine la warushaji wa akiba ambao huingia baadaye, mara nyingi kwa awamu moja tu. Katika orodha ya wachezaji 26 wanaoruhusiwa kutumika, nusu yao huwa warushaji.

Kano moja ndogo

Tatizo huanzia kwenye kiwiko. Upande wa ndani wa kiungo hicho kuna kano fupi inayouunganisha mfupa wa mkono wa juu na ule wa chini. Kila mpira unaporushwa kwa kasi, mkono huvutwa nyuma kisha ukafyatuka mbele, na mzigo mkubwa wa tendo hilo huangukia kano hiyo. Misuli inaweza kunenepeshwa kwa mazoezi, lakini kano haikui kwa kadiri hiyo. Mrushaji aweza kujijenga mabega na mapaja hadi akawa kama nguzo, na kano yake ikabaki vilevile.

Zamani kano hiyo ilipokatika, kazi ya mrushaji ilikuwa imekwisha. Hata bila kukatika, kiwiko kilichochakaa kiliweza kumfukuza bingwa uwanjani. Sandy Koufax wa Dodgers alistaafu mwishoni mwa 1966 akiwa na umri wa miaka 30 pekee, muda mfupi baada ya kushinda michuano 27 katika msimu mmoja, kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kimeharibiwa na ugonjwa wa viungo.

Mambo yalibadilika Septemba 25, 1974. Daktari Frank Jobe alimpasua Tommy John, mrushaji wa mkono wa kushoto wa Dodgers aliyekuwa ameumia Julai mwaka huo. Alitoa kano kutoka mkono wake wa kulia, akaipitisha kwenye matundu aliyoyatoboa katika mifupa ya kiwiko cha kushoto, na kuifunga badala ya ile iliyokatika. Jobe mwenyewe aliona uwezekano wa kufaulu kuwa mmoja kwa mia. John alirejea uwanjani mwaka wa 1976 na kuendelea kurusha hadi 1989. Kati ya ushindi wake wote 288, aliupata 164 baada ya upasuaji huo ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Upasuaji huo umeokoa mamia ya wachezaji. Hata hivyo, dawa nzuri nayo ina madhara yake. Kwa kuwa kiwiko kinaweza kutengenezwa, timu, wazazi na hata wachezaji wenyewe wamezoea kukichukulia kama tairi la gari ambalo likipasuka hubadilishwa. Wanachosahau ni kwamba matengenezo hayo huchukua miezi 12 hadi 18, wapo wasiorejea katika hali yao ya awali, na upasuaji wa pili huwa na mashaka zaidi kuliko wa kwanza.

Kasi inayoua

Desemba 2024, MLB ilitoa ripoti ndefu kuhusu majeraha ya warushaji baada ya kuwahoji zaidi ya watu 200 wakiwemo madaktari, makocha na wachezaji wa zamani. Takwimu zake zinatisha. Mnamo 2005, warushaji waliwekwa kwenye orodha ya majeruhi mara 212. Mwaka wa 2024, idadi hiyo ilikuwa imefika 485.

Sababu kuu iliyotajwa ni kasi. Mwaka wa 2008, wastani wa mwendo wa mpira wa kasi katika ligi hiyo ulikuwa maili 91.3 kwa saa, sawa na kilomita 147. Kufikia 2024 ulikuwa umepanda hadi maili 94.2, yaani karibu kilomita 152. Kwa mwendo huo, mpira humfikia mpigaji chini ya nusu sekunde baada ya kuachiliwa. Tofauti ya maili tatu yaweza kuonekana ndogo kwa msomaji, lakini kwa kano ya kiwiko kila maili ni mzigo mpya.

Zaidi ya kasi, warushaji wa siku hizi hufundishwa kwa kamera na mitambo ya kupimia jinsi ya kuusokota mpira ili upinde ghafla hewani. Aidha, wanaambiwa warushe kila mpira kwa nguvu zao zote. Mrushaji wa zamani alijua kwamba angetakiwa kumaliza awamu zote tisa, hivyo alizigawa nguvu zake na kuziweka akiba kwa nyakati za hatari. Wa leo anajua kwamba ataondolewa baada ya awamu tano au sita, basi haoni sababu ya kubakisha chochote.

Chama cha wachezaji kina mshukiwa mwingine, nayo ni saa. Tangu 2023, mrushaji hupewa sekunde 15 tu kurusha mpira ikiwa hakuna mkimbiaji kwenye vituo. Wakimbiaji wakiwepo, muda huo ulikuwa sekunde 20 na ukapunguzwa hadi 18 mwaka wa 2024. Chama hicho kinashikilia kwamba muda huo hauutoshi mkono kupumua. Ligi nayo inapinga, ikisema kwamba majeraha yalikuwa yakiongezeka miaka mingi kabla ya saa hiyo kuletwa. Ukweli ni kwamba yalikuwa yakiongezeka, lakini hilo halithibitishi kwamba saa haina lawama yoyote.

Kodi ya anasa

Hapa ndipo fedha zinapoingia. Ligi za soka ya Kimarekani na ya mpira wa vikapu nchini humo zina kikomo cha mishahara. Besiboli haina. Wamiliki wa timu walipojaribu kukilazimisha, wachezaji walianza mgomo Agosti 12, 1994, na fainali za mwaka huo zikafutwa. Mgomo ulikwisha mapema Aprili 1995 baada ya jaji wa mahakama ya New York kutoa amri dhidi ya wamiliki. Jaji huyo alikuwa Sonia Sotomayor, ambaye baadaye aliteuliwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Badala ya kikomo, pande hizo mbili zilikubaliana kuhusu kodi. Timu ina uhuru wa kulipa mishahara itakavyo, ila ikivuka kiwango fulani hutozwa kodi kwa kila dola inayozidi. Wengi huiita kodi ya anasa. Mnamo 2024, kiwango hicho kilikuwa dola milioni 237 (takriban Sh30.6 bilioni). Mwaka wa 2025 kilikuwa dola milioni 241, na cha 2026 kimewekwa kuwa dola milioni 244.

Anayevuka kwa mara ya kwanza hutozwa asilimia 20. Akirudia mwaka unaofuata hutozwa asilimia 30, na kuanzia mwaka wa tatu mfululizo hutozwa asilimia 50. Juu ya hayo kuna nyongeza kwa wale wanaovuka kwa kishindo. Tuchukue mfano wa Dodgers mwaka wa 2024, ambao kwa hesabu ya kodi gharama yao ilikuwa karibu dola milioni 353, yaani milioni 116 juu ya kiwango.

Kwa kuwa walikuwa warudiaji, dola milioni 20 za kwanza zilitozwa asilimia 50. Milioni 20 zilizofuata zilitozwa asilimia 62, na 20 nyingine asilimia 95. Zilizobaki, milioni 56, zilitozwa asilimia 110. Kwa maneno mengine, kwa kila dola waliyomlipa mchezaji katika tabaka hilo la mwisho, waliilipa ligi dola moja na senti kumi zaidi. Jumla ya kodi ilikuwa takriban dola milioni 103 (Sh13.3 bilioni), rekodi ambayo wao wenyewe waliivunja mwaka uliofuata kwa kulipa zaidi ya dola milioni 160.

Isitoshe, timu inayozidi kiwango kwa dola milioni 40 au zaidi huadhibiwa katika zoezi la kila mwaka la kuchagua chipukizi, ambapo nafasi yake ya kwanza husukumwa nyuma kwa hatua kumi.

Majeruhi hahamishwi kwenye daftari

Katika mabishano ya mashabiki, kuna kipengele kimoja ambacho husahauliwa mara nyingi, nacho ndicho kinachofunga majeraha na mishahara katika fundo moja. Kandarasi za besiboli zimedhaminiwa. Mchezaji akiumia, hulipwa mshahara wake wote. Na mshahara huo huendelea kuhesabiwa katika kodi.

Timu inaweza kumweka majeruhi kwenye orodha ya siku 60 na kupata nafasi ya kusajili mwingine, lakini daftari la kodi halimtambui majeruhi wala mzima. Mwenye timu hulipa mara mbili, kwanza kwa aliyelala kitandani, kisha kwa aliyeletwa kuchukua nafasi yake. Ikiwa tayari amevuka kiwango, hulipa mara ya tatu kwa njia ya kodi.

Ndiyo sababu shabiki anayepaza sauti akitaka timu yake imnunue mrushaji mpya kila mmoja wao anapoumia huwa anaomba jambo gumu kuliko anavyodhani. Na ndiyo sababu timu nyingi huona ni nafuu kujaza nafasi hiyo kwa chipukizi kutoka ligi za chini, anayelipwa kiwango cha chini kabisa. Chipukizi huyo hutumiwa awamu mbili tatu, akarudishwa, akaletwa mwingine. Akivunjika kiwiko, naye hupisha mwenzake.

Timu tatu, njia tatu

Mifano mitatu inatosha kuonyesha jinsi hoja hizi zinavyopingana.

Wa kwanza ni New York Mets mwaka wa 2023. Mwenye timu hiyo, bilionea Steve Cohen, alitumia fedha kiasi kwamba alitozwa kodi ya karibu dola milioni 101, iliyokuwa rekodi wakati huo. Kabla hata msimu haujaanza, mrushaji wake wa kufunga michuano, Edwin Díaz, aliyekuwa ametia saini mkataba wa dola milioni 102, aliumia goti. Hakuumia akirusha. Aliumia akishangilia pamoja na wenzake wa timu ya taifa ya Puerto Rico baada ya kuishinda Jamhuri ya Dominika. Mets walishinda michuano 75, wakapoteza 87, na kuwauza wazee wao wawili mashuhuri, Max Scherzer na Justin Verlander, kabla msimu haujafika ukingoni. Asemaye fedha hununua taji hana budi kuueleza mwaka huo.

Wa pili ni Tampa Bay Rays, timu ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zinazolipa mishahara midogo zaidi. Mwaka wa 2020 ilifika fainali dhidi ya Dodgers. Katika mchuano wa sita, mrushaji wake Blake Snell alikuwa akiwachezea wapinzani kama watoto. Alikuwa amerusha mipira 73 tu na timu yake ilikuwa ikiongoza 1-0 katika awamu ya sita. Kocha Kevin Cash alimwondoa, kwa kuwa hesabu za timu hiyo zilisema mrushaji asikutane na wapigaji walewale kwa mara ya tatu. Dodgers walishinda 3-1 na kutwaa taji. Hadi leo, ukitaka kuwasha moto miongoni mwa mashabiki wa Rays, taja jina la Snell na awamu ya sita.

Wa tatu ni hao Dodgers. Desemba 2023 walimsajili Mjapani Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 (takriban Sh90 bilioni) kwa miaka kumi, ingawa milioni 680 kati ya hizo zitalipwa kuanzia 2034 hadi 2043. Kwa sababu ya kuahirishwa huko, hesabu ya kodi humthamini kwa takriban dola milioni 46 kwa mwaka badala ya 70. Mjapani mwenzake, Yoshinobu Yamamoto, alipewa dola milioni 325 kwa miaka 12. Kutoka kwa Rays walimchukua Tyler Glasnow, ambaye kipaji chake hakina shaka ila mwili wake haujawahi kumruhusu kurusha msimu mzima.

Kilichofuata mwaka wa 2024 ni somo. Ohtani hakurusha hata mpira mmoja kwani alikuwa amepasuliwa kiwiko kwa mara ya pili Septemba 2023, akabaki kuwa mpigaji tu. Yamamoto alikosekana kwa takriban miezi mitatu kwa jeraha la bega. Glasnow alivunja rekodi yake mwenyewe kwa kurusha awamu 134, kisha kiwiko kikamsaliti. Clayton Kershaw, Tony Gonsolin, Dustin May na Gavin Stone wote walikuwa nje ilipofika Oktoba. Timu iliingia katika hatua ya mwisho ikiwa na Yamamoto, Buehler na Jack Flaherty, ambaye ilikuwa imemleta kutoka Detroit mwishoni mwa Julai. Siku nyingine ilitumia warushaji wa akiba mmoja baada ya mwingine, ikiwemo mchuano dhidi ya San Diego Padres ambapo warushaji wanane walishirikiana kutoruhusu alama hata moja.

Mwaka wa 2025 hadithi ilijirudia. Snell, yule aliyeondolewa mwaka wa 2020, sasa alikuwa Dodgers kwa dola milioni 182, na alikosa miezi minne kwa sababu ya bega. Hata hivyo, timu ilifika fainali tena, na ilipobanwa na Toronto Blue Jays, ilimkimbilia Yamamoto. Alirusha mipira 96 na kushinda mchuano wa sita, kisha usiku uliofuata, Novemba 1, akarejea kichuguuni na kuumaliza mchuano wa saba uliokwisha kwa 5-4 katika awamu ya 11. Hakuna timu iliyokuwa imetetea taji hilo tangu Yankees walipofanya hivyo mwaka wa 2000.

Mashabiki wanagawanyika wapi?

Ukiwasikiliza mashabiki kwa makini utagundua kwamba kuna kambi tatu.

Kambi ya kwanza ni ya wanaodai kikomo cha mishahara. Wanasema kwamba mkataba wa televisheni wa Dodgers wa miaka 25, wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 8, unawapa mto wa fedha ambao timu za miji midogo kama Pittsburgh haziwezi kuota. Majeraha, kwa mujibu wa kambi hii, hayaziumizi timu kwa usawa. Tajiri akipoteza warushaji watano ana wengine watano. Maskini akipoteza wawili, msimu wake umekwisha Juni.

Kambi ya pili hujibu kwamba kikomo kingewanufaisha wamiliki pekee. Wanakumbusha kwamba Kansas City Royals, timu isiyo ya mji mkubwa, ilitwaa taji mwaka wa 2015, na kwamba baadhi ya timu zinazolia umaskini hupokea mgao wa mapato ya ligi bila kuutumia kuimarisha kikosi. Kwao, aliye na makosa ni yule ambaye ana fedha na hazitumii.

Kambi ya tatu haishughulikii sana fedha. Inauliza kwa nini mikono inavunjika kila mwaka na kila mtu anaendelea na shughuli zake. Inataka warushaji waruhusiwe kukaa muda mrefu zaidi uwanjani kwa nguvu za wastani, na idadi ya warushaji katika kikosi ipunguzwe ili timu ilazimike kuitunza mikono iliyo nayo.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba kambi hiyo ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, ingawa ndiyo isiyosikika sana. Kodi huweza kupandishwa, kikomo kikawekwa au kikakosa kuwekwa, lakini maadamu mfumo unamlipa zaidi yule anayerusha kwa kasi zaidi, kijana wa miaka 17 atazidi kuuchosha mkono wake ili aonekane na wasaka vipaji. Ripoti ile ya 2024 ilieleza kwamba tatizo huanzia kwa chipukizi, ambao hushiriki mashindano mwaka mzima bila mapumziko. Kijana huyo hana mkataba uliodhaminiwa. Akivunjika, hayumo katika daftari la kodi la mtu yeyote.

Hatua zimechukuliwa hapa na pale. Tangu 2007, mashindano ya watoto ya Little League huhesabu idadi ya mipira anayorusha kila mtoto, na mwenye umri wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidi mipira 85 kwa siku. Nchini Japani, ambako mashindano ya shule za upili ya Koshien hupendwa kama fainali za kitaifa, mrushaji amewekewa kikomo cha mipira 500 kwa wiki tangu 2020. Inastaajabisha kwamba mrushaji wa miaka 12 analindwa na kanuni iliyo wazi, ilhali akifika miaka 20 anaachiwa soko.

Hata huku kwetu

Suala hili halijakomea ng'ambo. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali za Little League nchini Marekani, mwaka wa 2012, na miaka kumi baadaye Dodgers hao hao waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, katika mfumo wao wa chipukizi. Mwafrika wa kwanza kucheza katika MLB alikuwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017. Wasaka vipaji wanapoanza kuja na mashine za kupimia kasi, makocha wa eneo hili watafanya vyema kujua kinachopimwa na kisichopimwa. Mashine huonyesha mwendo wa mpira. Haionyeshi kano imebakisha siku ngapi.

Mkataba wa sasa kati ya wamiliki na wachezaji wa MLB, uliopatikana Machi 2022 baada ya wachezaji kufungiwa nje kwa siku 99, unafikia kikomo Desemba 1, 2026. Suala la kikomo cha mishahara ndilo linalotarajiwa kuzua mvutano mkubwa zaidi, na kumbukumbu za 1994 zingali zinawatia wengi hofu. Mashabiki wanaotaka kujua iwapo pande hizo zina nia njema wasiangalie kiwango cha kodi peke yake. Waulize pia kama kutakuwa na kifungu chochote kuhusu mkono wa mrushaji.

Buehler, shujaa wa usiku ule wa Oktoba, hakusalia Dodgers. Majuma machache baada ya kuwapa taji, alihamia Boston Red Sox kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 21. Kiwiko kilichopasuliwa mara mbili hakipewi miaka kumi. Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Katika besiboli ya leo, vinavyoelea vimeundwa kwa kano za vijana.